Mgaagaa na Upwa: Kazi Zisizoandikwa kwenye Fomu

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wavulana walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aiskrimu. Maziwa walinunua kwa kina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friji ya shule. Tabu ilikuwa nafasi: wavulana wengi, friji moja, na trei za barafu za kuhesabika. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa angali anachemsha maziwa yake alipomwona mwenzake akikoroga maziwa mabichi na sukari, kisha akatimka kuelekea kwenye friji bila kuchemsha chochote. Trei iliyosalia ilikuwa moja. Mpemba akapiga hesabu ya haraka: akisubiri yapoe, ameikosa. Akayamimina yakiwa ya moto, liwalo na liwe, hata kama friji ingeharibika.

Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, yaliyoingia bila kupashwa moto, yalikuwa bado uji mzito. Mpemba akamuuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza, lakini hakusahau. Likizo ilipofika akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kuwa wao hufanya hivyohivyo, huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Wachuuzi wa Tanga walikuwa wanajua kitu ambacho darasa la Lushoto lilikikataa.

Akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa. Somo la joto likafika, kanuni ya Newton ya upoaji ikafundishwa, na Mpemba akanyoosha mkono na swali lake lilelile. Safari hii mwalimu alikuwa mcheshi zaidi: akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata utani. Kila Mpemba alipokosea hesabu, wenzake walipiga kelele kwamba hiyo nayo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha shule ikamwalika Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wakati wa maswali Mpemba akasimama akauliza: ukichukua maji ya vyombo viwili, ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kwa nini kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wanafunzi wakacheka, na baadaye wakamlaumu kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni. Osborne naye alidhani kijana amekosea. Lakini aliahidi kujaribu, na ahadi ya mgeni kwa mwanafunzi, ambayo kwa kawaida huishia getini, yeye aliitimiza. Huko Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza, kwa nia njema kabisa, kuwa ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo wanasayansi duniani huliita jambo hilo athari ya Mpemba. Ubishi haujaisha. Aristotle aliligusia kale, lakini maelezo hadi leo yanagombaniwa. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 watafiti wengine wakaandika kwamba wamepima kwa uangalifu na hawakuiona athari yoyote ya maana katika maji. Mwaka 2020 jarida la Nature likachapisha jaribio lililoionyesha waziwazi, si katika maji, bali katika chembe ndogo mno zinazoelea ndani yake.

Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba mwenye jina hilo hakuwa mwanafizikia. Makala ilipotoka alikuwa Mweka, karibu na Moshi, kwenye chuo cha usimamizi wa wanyamapori, na kazi yake ya maisha ikawa huko, katika idara ya wanyamapori ya Tanzania. Mtu aliyewaachia wanafizikia swali la zaidi ya nusu karne alilipwa mshahara kwa ajili ya wanyama wa porini.

Mhadhara huu umeanza na friji ya Magamba kwa sababu inavuruga namna mbili za kuzungumzia kazi. Ya kwanza inasema panga mapema, shika njia yako, usigeuke nyuma. Ya pili, iliyopata umaarufu karibuni kwenye makongamano ya vijana, inasema achana na mipango, changamkia fursa. Mpemba hakufanya hili wala lile. Aliendelea na shule kama ratiba ilivyotaka, na pembeni ya ratiba hiyo akabeba swali moja kwa miaka kadhaa, akilitoa kila alipokutana na mtu anayeweza kulijibu.

Nchini Tanzania mpango wa kazi huanza kuandikwa rasmi kijana akiwa bado na ndevu za kuhesabu. Anachagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo: PCB kwa anayeota udaktari, PCM kwa uhandisi, HGL kwa sheria, EGM kwa benki. Kwa miaka mingi tahasusi zilikuwa chache. Mwaka 2024 serikali ilizipanua zikafika 65, jambo jema kwa kiasi chake. Nyumbani orodha ni fupi zaidi. Mzazi akimuuliza mtoto anataka kuwa nani, majibu yanayomfurahisha hayazidi matano, na rubani ni mmojawapo hata kama ukoo mzima haujawahi kupanda ndege.

Nyuma ya mpango huo iko fikra ya kumpima mtu, kuipima kazi, kisha kuvilinganisha viwili hivyo, nayo ina umri wa zaidi ya karne. Ilienezwa na Frank Parsons wa Boston, Marekani, ambaye kitabu chake kuhusu kuchagua kazi kilitoka mwaka 1909, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Ni fikra nzuri kwa dunia ambamo kazi zinakaa mahali pamoja zikisubiri kupimwa. Miaka 90 baadaye, mwaka 1999, John Krumboltz wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wawili walichapisha hoja iliyowashangaza washauri wengi wa kazi: kwamba matukio yasiyopangwa ndiyo kawaida ya maisha ya kazi, na mshauri mwema humfundisha mtu kuyatengeneza na kuyatumia badala ya kumwondolea. Walitaja udadisi, uvumilivu, wepesi wa kubadilika, matumaini, na ujasiri wa kujaribu bila hakika. Krumboltz alikuwa na ushahidi wa karibu. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo huko Iowa alitakiwa kutaja somo lake kuu, siku ya mwisho ikawa inakaribia, na mtu pekee aliyemfahamu vya kutosha kumwomba ushauri alikuwa kocha wake wa tenisi. Kocha huyo, kwa kazi yake nyingine, alikuwa mwalimu wa saikolojia. Akamshauri asome nini? Bila shaka, saikolojia.

Na kazi nyingine hazikuweza kuandikwa kwenye fomu yoyote kwa kuwa hazikuwapo. Mwaka 2005 kampuni ya simu ya Safaricom na mbia wake Vodafone walianza kujaribu Kenya mfumo wa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kuutumia kwa shughuli zao: kumtumia mama hela kijijini, kulipana madeni, kujitumia wenyewe ili wasisafiri na fedha taslimu mfukoni. Wabunifu wakaona, wakabadilisha nia, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama huduma ya kutuma fedha. Leo mamia ya maelfu ya watu wa Kenya ni mawakala wa fedha za simu, na Tanzania nayo kila mtaa una kibanda chake. Hakuna mtoto wa mwaka 1995 aliyesema akikua anataka kuwa wakala.

Waswahili walikuwa na neno la jambo hili kabla ya Stanford: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hiyo huandikwa kwenye madaftari ya shule na kufafanuliwa kwa neno moja, bidii, ikaishia hapo. Inastahili kusomwa upya na mtu aliyewahi kuukanyaga upwa wenyewe. Upwa ni ile sehemu inayoachwa wazi maji yanapokupwa. Anayegaagaa pale hajui kama leo atapata pweza, chaza, au samaki aliyenaswa kwenye kidimbwi. Hilo hawezi kulipanga. Lakini anajua mengi mengine: siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, na siku za maji mafu, ambapo kwenda ni kujichosha; anajua mwamba gani una mashimo, na ameshika kikapu na kijiti chenye ncha. Asiyejua hayo atatembea upwa huohuo, saa hiyohiyo, arudi mikono mitupu na mguu umechomwa na urumo.

Zipo tarehe za kuthibitisha. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza kibiashara mashariki ya Unguja, pande za Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Shamba la mwani liko chini ya maji ya kina kifupi. Vigingi hukitwa mchangani, kamba hutandazwa, vipande vya mwani hufungwa, na kazi yote hufanyika pale bahari inapokubali. Wanaume wengine walijaribu wakaacha, malipo yakiwa madogo na uvuvi au utalii ukilipa zaidi. Waliobaki, na ambao mpaka leo ni sehemu kubwa kabisa ya wakulima zaidi ya 20,000 wa Zanzibar, ni wanawake. Hawakuhitaji kufundishwa kalenda ya maji. Walikuwa nayo kichwani tangu utoto, waliyoipata katika kuokota chaza na kuvua pweza. Baadaye bahari ikapata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri, inayoitwa kotoni, ikaanza kufa, bei ya aina iliyobaki ikawa ya kuvunja moyo. Na hapo tena baadhi yao wakageukia sabuni na mafuta ya mwani, wengine Jambiani wakaanza kufuga sifongo. Sio hadithi tamu kote. Mgongo unauma, macho yanaungua kwa mwanga wa jua juu ya maji, na mnunuzi ndiye anayepanga bei. Lakini upwa ule, ambao mtu wa mjini huuona kuwa mchanga mtupu, umebadilisha kazi mara tatu ndani ya umri wa mwanamke mmoja.

Mfano mzito kuliko yote katika Afrika Mashariki ni wa Wangari Maathai, na inafaa kuusimulia kuanzia mwanzo, kwa sababu mwanzo wake ni swali la mtoto. Alizaliwa mwaka 1940 Ihithe, Nyeri. Siku moja kaka yake, Nderitu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu ya maana, na Wangari akaandikishwa. Hapakuwa na mkutano wa ukoo wala ushauri wa kitaalamu. Swali moja la mvulana.

Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa wanafunzi takribani 300 wa Kenya waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani katika mpango uliohusishwa na Tom Mboya na familia ya Kennedy. Akasoma biolojia Kansas, kisha shahada ya pili Pittsburgh, na huko Pittsburgh akajifunza jambo ambalo mtu angeliona dogo: namna ya kuandaa tishu za wanyama ili zitazamwe kwa hadubini. Akarudi Nairobi Januari 1966 akiwa na barua ya ajira mkononi, msaidizi wa utafiti wa profesa wa zoolojia. Akafika kuripoti. Akaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini mpaka mwisho kwamba alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke na kwa kabila lake.

Hapa msimulizi mvivu angesema kwamba kila mlango ukifungwa mwingine hufunguka. Haikuwa hivyo. Wangari alizunguka mji akitafuta kazi, muda ukapita, na dhuluma ile ilibaki dhuluma. Kilichotokea ni kwamba Profesa Reinhold Hofmann, kutoka chuo kikuu cha Giessen, Ujerumani, alikuwa akijenga idara mpya ya anatomia ya mifugo palepale chuoni, na alihitaji mtu anayejua kuandaa tishu. Binti wa zoolojia akaingia katika kitivo cha madaktari wa mifugo, mahali ambapo hakuwa amepanga hata kupita. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo.

Kutoka kwa ng'ombe akafika kwenye miti, na njia yake inafaa kutazamwa taratibu. Alikuwa akitafiti kupe wanaoeneza ndigana kali, na kazi hiyo ilimpeleka mashambani nje ya Nairobi kukusanya kupe. Alikwenda kwa ajili ya kupe tu. Lakini aliona mito imekuwa ya rangi ya udongo, aliona ng'ombe wamekonda mbavu zikihesabika, majani hayatoshi. Akaanza kuwaza kwamba kinachotishia mifugo kuliko kupe ni ardhi yenyewe inayochakaa. Wakati huohuo, kwenye Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, akawasikia wanawake wa vijijini wakilalamikia kuni, maji na chakula. Yale aliyoyaona na yale aliyoyasikia yakakutana.

Jaribio lake la kwanza lilikufa. Katikati ya miaka ya 1970 alianzisha shughuli ndogo, Envirocare, ya kuwapa watu kazi ya kupanda miti; fedha zikakosekana na miche ikakauka. Ndipo akalipeleka wazo kwenye Baraza la Wanawake, na tarehe 5 Juni 1977 ikapandwa miti saba Kamukunji, Nairobi. Maafisa wa misitu walipoona wanawake wa vijijini wakiotesha mbegu, walisema kazi hiyo inataka mwenye diploma. Wanawake wakaendelea kwa vikopo vilivyovunjika na mbegu za kuokota, wakajulikana kama wanamisitu wasio na diploma. Kamati ya Nobel ilipomtunuku Wangari Tuzo ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30.

Ukiyatazama maisha hayo kutoka mwisho, yananyooka kama reli. Ukiyatazama kutoka mwaka 1966, mtu amesimama na barua isiyo na thamani. Udanganyifu huu wa kutazama kutoka mwisho ndio unaowapotosha vijana wanaposoma wasifu wa watu mashuhuri, na waandishi wa wasifu, kusema kweli, hawawasaidii.

Siti binti Saad naye husimuliwa hivyo, kana kwamba alizaliwa na kipaza sauti. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, akafanya kazi ya ufinyanzi, na sauti yake ilikuwa chombo cha biashara: alipotembeza vyungu aliimba ili watu wajue anapita. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akasikiwa na Ali Muhsin, mwanachama wa kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa, ambaye alianza kumfundisha. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri kwa Kiswahili, wakati taarabu ya Zanzibar ilikuwa imezoeleka kwa Kiarabu. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, mtu ambaye naye mshahara wake ulitoka kwenye ukarani wa serikali, kuanzia idara ya forodha.

Katika visa hivi vyote yupo mtu wa pili, naye husahauliwa. Osborne alikwenda kujaribu badala ya kucheka. Hofmann alitazama ujuzi wa mikono ya mtu. Nderitu aliuliza. Ali Muhsin alisikia mwuza vyungu akamwona mwimbaji. Wazungumzaji wa mambo ya kazi humwelekezea kijana lawama zote: jiongeze, jichanganye, toka nje. Ni sawa, lakini mtu anaweza kujichanganya miaka kumi katika nchi ambayo kila aliyeketi nyuma ya meza humjibu kama yule mwalimu wa Lushoto. Na si kila mtu ana ruhusa ya kugaagaa. Mhitimu anayetegemewa na wadogo zake wanne hawezi kujitolea ofisini mwaka mzima bila nauli eti kwa kuwa huenda bahati ikapita. Ofisi inayomtumia bure na kuiita hiyo fursa inajua inachofanya.

Neno fursa lenyewe linahitaji tahadhari, maana limechakaa. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya vijana dhidi ya matangazo ya kazi nono Thailand, ya mauzo na huduma kwa wateja, ambayo walioyafuata walijikuta Myanmar, wamefungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Miongoni mwao walikuwamo wenye shahada. Mtego una sura yake na inatambulika: huja umekamilika, mshahara umetajwa, tiketi ipo, na unataka jibu leo. Bahati iliyowafikia watu wa mhadhara huu haikuwa na sura hiyo. Ilikuja ikiwa haijakamilika, mara nyingi haifanani na bahati, na gharama ya kuijaribu ilikuwa ndogo. Mpemba aliihatarisha trei moja ya maziwa, na friji ya shule. Wangari alikubali kazi iliyo hatua moja tu kando ya aliyoisomea. Riziki kama ajali, huitambui ijapo, husema wahenga. Inayojitangaza kwa mabango ni ya kutiliwa shaka.

Kwa hiyo mpango una kazi yake. Kijana anayejaza fomu ya tahasusi ajaze kwa makini, kwa sababu somo lolote alilolijua vizuri ni kikapu cha kwenda nacho upwani. Wangari bila ujuzi wa tishu angekuwa mwombaji mwingine tu mlangoni kwa Hofmann. Kosa ni kuligeuza jibu la umri wa miaka 16 kuwa kiapo. Afadhali ajiulize kila mwaka mambo ya kawaida kabisa: nimekutana na nani asiye wa fani yangu, ni swali gani nimelibeba bila kujibiwa, ni kitu gani nimekiona njiani ambacho sikutumwa kukitazama. Na mwalimu, mkuu wa idara au mwenye duka anayeulizwa swali la ajabu na kijana, kabla ya kucheka, ajaribu.

Mfano wa mwisho: Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa kibarua wa kuchimba, kwenye bonde la Olduvai, kwa familia ya Leakey, watafiti wa visukuku. Kwao kushika mifupa ya wafu lilikuwa jambo la kuogofya, naye alidhani anaitwa kuchimba makaburi. Akabaki, akajifunza kutofautisha mfupa na jiwe, akauliza majina. Mwaka 1964, karibu na Ziwa Natron, aliona taya la kale lijulikanalo kama taya la Peninj. Akaja kuwa kiongozi wa watafutaji wa visukuku wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mwaka 1985 akapokea medali ya National Geographic huko Washington mbele ya Rais Reagan, na wataalamu wakazipa aina mbili za wanyama wa kale wa jamii ya nyani majina yanayotokana na lake.

Agosti 1984 timu yake ilikuwa imepiga kambi kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wenzake walikaa kambini, Kimeu akavuka mto kutembea tu. Upande wa pili, kati ya changarawe nyeusi, akaona kipande cha fuvu kisichozidi ukubwa wa kiberiti, chenye rangi ileile ya mawe yaliyokizunguka. Akainama akakiokota. Ndiyo ilikuwa ncha ya mifupa ya mvulana aliyefariki miaka milioni moja na nusu iliyopita, mojawapo ya mifupa ya kale ya binadamu iliyo kamili zaidi kupata kuonekana. Imehifadhiwa Nairobi, namba yake KNM-WT 15000.